Mkutano na Mashindano ya Babashopu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukishaimba kwaya ya kanisani Dodoma, Kisumu au Goma, halafu maisha yakakupeleka Marekani, ipo siku mfanyakazi mwenzako atakualika mahali ambapo watu wanne wamesimama karibu karibu, hakuna kinanda, na wanaimba sauti nne mpaka hewa inatetemeka. Huo ni muziki wa babashopu. Tangu nianze kuusimulia kwa wanakwaya wenzangu, maswali huwa ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeelezwa kwingine, nitakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Babashopu ni muziki gani?

Ni uimbaji wa sauti nne bila ala yoyote. Sauti zote nne hutamka maneno kwa pamoja karibu muda wote, na karibu kila noti ya wimbo hupewa mpatano wake kamili wa sauti nne. Anayeshika wimbo wenyewe si sauti ya juu kabisa. Ni sauti ya pili kutoka juu, na hilo ndilo linalomshangaza kwanza mwanakwaya wa kwetu. Nyimbo nyingi za asili yake ni za Marekani, za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa siku hizi utasikia hata nyimbo za miaka ya karibuni zilizopangwa upya kwa mtindo huo.

Kwa nini uitwe muziki wa kinyozi?

Kwa sababu "babashopu" ni Kiingereza, maana yake kibanda cha kinyozi, na kibanda hicho kilikuwa baraza. Wanaume walikaa wakisubiri zamu, wakapiga soga, na mmoja akianzisha wimbo wengine walitafuta sauti za kumsindikiza, kila mtu kwa sikio lake. Mwandishi James Weldon Johnson, aliyekulia Jacksonville, Florida, aliandika katika miaka ya 1920 kwamba kila duka la kinyozi la watu weusi mjini kwao lilikuwa na kwateti yake, yaani kundi la waimbaji wanne. Asili hiyo ni muhimu, na ilifichwa kwa muda mrefu. Tazama sehemu ya "Historia isiyopendeza".

Nani anaandaa mkutano na mashindano haya?

Chama kinachoitwa Barbershop Harmony Society, chenye makao yake Nashville, Tennessee. Kilianzia Tulsa, Oklahoma. Inasimuliwa kwamba watu wawili wa Tulsa, Owen C. Cash aliyekuwa mwanasheria wa kodi na Rupert Hall aliyekuwa katika biashara ya uwekezaji, walikwama kwenye hoteli moja mjini Kansas City kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Wakakutana ukumbini, wakaanza kuimba, na waliporudi nyumbani wakaandika barua ya mwaliko. Tarehe 11 Aprili 1938 wanaume 26 walijitokeza kwenye bustani ya juu ya paa la Tulsa Club. Wiki chache baadaye idadi ilikuwa imefika kama 150, na waliimba kwa nguvu madirisha yakiwa wazi hadi magari yakasongamana barabarani. Mwandishi wa habari aliyepita akaipeleka habari hiyo nchi nzima.

Jina la kwanza la chama lilikuwa refu kupindukia, na kifupi chake kilikuwa SPEBSQSA. Cash alikusudia kuitania serikali ya wakati huo, iliyokuwa na mashirika mengi ya herufi tupu.

Ni chama cha wanamuziki wa kulipwa?

Hapana. Ni udugu wa waimbaji wa ridhaa: mwalimu, fundi bomba, daktari, mwanafunzi, mstaafu. Wamegawanyika katika matawi ya miji, na matawi yako chini ya wilaya zinazofunika Marekani na Kanada. Tawi lina kwaya yake na mazoezi kila wiki, na ndani ya kwaya hiyo watu wanne wanaopatana huunda kwateti. Mwanakwaya wa kwetu ataona kama ameshaishi humo: karani wa kuandika mahudhurio yupo, michango ya sare ipo, na yule mzee anayekuja mapema kupanga viti naye yupo.

Mkutano mkuu hufanyika lini na wapi?

Mkubwa kuliko yote hufanyika mara moja kwa mwaka, mwisho wa Juni au wiki ya kwanza ya Julai, na huhama mji hadi mji. Ulikuwa Nashville 2016, Las Vegas 2017, Orlando 2018, Salt Lake City 2019, Charlotte 2022, Louisville 2023, Cleveland 2024 na Denver 2025. Mwaka 2020 na 2021 watu hawakukutana kwa sababu ya korona. Kwa watu ambao furaha yao ni kusimama bega kwa bega na kupumua pamoja, miaka hiyo miwili ilikuwa migumu mno. Kwa miaka mingi umekuwapo pia mkutano mdogo wa Januari, ambao nimeugusa kwenye swali la wazee.

## Sauti na masikio

Sauti nne za babashopu ni zilezile za kwaya yetu?

Majina yanafanana lakini kazi ni tofauti, na hapa wengi hujikwaa.

Sauti kiongozi ndiyo inayobeba wimbo, na hukaa mahali ambapo mwimbaji wa tena kanisani kwetu angekaa. Sauti wanayoiita tena iko juu ya kiongozi, na mwanaume huiimba kwa sauti nyepesi ya kichwani. Haitakiwi kumfunika kiongozi hata kidogo. Ukizoea kuimba tena ya kanisani kwa kifua chote, hapa utaambiwa upunguze, kisha utaambiwa upunguze tena. Besi ni msingi kama kwetu, ila inatakiwa kuwa pana na yenye uhai, kwa sababu sauti nyingine tatu zinajengwa juu yake.

Anayebaki ni baritoni. Huyu huokota noti inayokosekana ili mpatano ukamilike: mara yuko chini ya kiongozi, mara anamruka juu. Akiimba peke yake huwezi kutambua ni wimbo gani. Mwanakwaya wa kwetu aliyezoea kuimba alto ngumu, ile ya kurukaruka isiyo na utamu wake yenyewe, ataielewa baritoni haraka kuliko wote.

Watu husema mpatano "unalia". Unalia vipi?

Kama unasoma nota za sol-fa, chukua do, mi, so, kisha ongeza ta, yaani ti iliyoshushwa. Huo ndio mpatano ambao babashopu imejengwa juu yake. Kwenye kinanda noti hizo zimepangwa kwa vipimo vya kati ambavyo vinafaa kila ufunguo lakini havinyooki kabisa katika ufunguo wowote. Waimbaji wasio na kinanda wanaweza kuzinyoosha, mitetemo ya sauti nne ikakaa katika uwiano wa 4, 5, 6 na 7. Ili ifike hapo, ile ta inatakiwa kukaa chini kidogo kuliko ya kwenye kinanda, kama theluthi moja ya nusu toni.

Hilo likitokea, sauti za juu zinazobebwa ndani ya kila noti hukutana na kuimarishana, na unasikia kitu kama sauti ya tano inayoelea juu ya vichwa vya waimbaji. Hakuna anayeiimba, lakini ipo. Watu husafiri kutoka Sweden na New Zealand kwa ajili ya sekunde nne za sauti hiyo.

Nami naamini tulikwisha kuisikia nyumbani bila kuipa jina. Kumbuka kwaya ikiimba msibani, hakuna umeme wala kinanda, na mwisho wa ubeti kila mtu anaishikilia noti yake na ukumbi unakuwa kama kengele iliyopigwa. Ni jambo lilelile. Wao wamelifanya kuwa ndilo lengo lenyewe.

Nasoma sol-fa tu, sijui nota za mistari. Nitaweza?

Utaweza. Waimbaji wengi wa babashopu hawasomi nota vizuri. Hujifunza kwa rekodi ambazo sauti yako imewekwa upande mmoja wa spika na nyingine tatu upande wa pili. Sikio lililolelewa na sol-fa lina faida kubwa hapa, kwa sababu limezoea kuisikia noti kwa nafasi yake ndani ya ufunguo. Ukumbuke tu kwamba jukwaani hakuna karatasi: kila kitu huimbwa kwa ghibu.

## Mashindano yenyewe

Kuna mashindano ya aina ngapi?

Makubwa ni mawili: ya kwateti na ya kwaya. Ya kwateti yalianza 1939 Tulsa, na washindi wa kwanza walikuwa Bartlesville Barflies, nao pia wa Oklahoma. Ya kwaya yalikuja baadaye, mwaka 1953. Mtu anaruhusiwa kuimba katika kwaya na kwateti pia, na wengi hufanya hivyo. Ndiyo maana ukifika Jumamosi utawakuta watu wameishiwa sauti wananong'ona.

Kwateti inafikaje huko?

Huanzia kwenye mashindano ya wilaya yake, kawaida miezi ya mwanzo wa mwaka. Alama za huko ndizo zinazoamua nani asafiri. Kwateti za nchi nyingine hupitia vyama vya kwao vyenye ushirika na chama cha Marekani: Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, nchi za Skandinavia, Australia, New Zealand na kwingineko.

Kwenye mkutano mkuu zote huimba robo fainali. Zinazobaki 20 huingia nusu fainali, na 10 huingia fainali. Kila raundi ni nyimbo mbili, na huruhusiwi kurudia wimbo, kwa hiyo anayefikiria ubingwa lazima aje na nyimbo sita zilizoiva. Alama za raundi zote hujumlishwa. Ukivurunda siku ya kwanza deni hilo unalibeba hadi mwisho, na hata ukiimba kama malaika kwenye fainali huenda lisilipike.

Kwaya huimba mara moja tu, nyimbo mbili. Mwaka mzima wa mazoezi unaishia kwenye dakika chache za jukwaani.

Majaji huangalia nini?

Wamegawanyika katika makundi matatu, na kila jaji hushughulikia kundi lake pekee.

Kundi la uimbaji husikiliza kama sauti zimenyooka, kama zimeungana na kuwa kama sauti ya mtu mmoja, na kama mipatano inalia. Kundi la muziki huangalia wimbo na mpangilio wake, kama unaufaa mtindo wa babashopu na kama waimbaji wanauelewa mwendo wake. Kundi la onyesho huangalia kama wimbo umemfikia msikilizaji: je, uliyamaanisha maneno yako, au uliinua mkono kwa sababu mwalimu alisema uinue kwenye neno lile?

Hilo la tatu ndilo nililojifunza kwa taabu. Kwaya nyingi za kwetu zimefundishwa kucheza kwa pamoja, hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, sare inang'aa, na tunajivunia kwamba hakuna aliyekosea. Majaji wa babashopu hawavutwi na kutokosea. Wanatafuta uso unaoamini kile ambacho mdomo unasema.

Alama zinahesabiwaje?

Kila jaji hutoa alama kati ya 1 na 100 kwa kila wimbo. Kuanzia 81 ni daraja A, 61 hadi 80 ni B, 41 hadi 60 ni C, na chini ya hapo ni D. Katika mashindano ya kimataifa huwa kuna majaji 15, watano kwa kila kundi, kwa hiyo nyimbo mbili zina alama 3,000 na kwateti iliyofika fainali inahesabiwa katika 9,000. Karatasi ya matokeo huchapishwa wazi kwa kila wimbo, kila mtu akaisoma.

Majaji hawa ni watu wa ridhaa pia, na wamepitia mafunzo ya miaka kabla ya kukalia kiti hicho. Baada ya kuimba, wanaoaga mashindano hukaa na majaji ana kwa ana na kuelezwa kilichowaangusha. Natamani mashindano yetu ya kwaya yangeiga jambo hili kabla ya mengine yote. Kwetu mara nyingi unapewa nafasi ya saba na safari ya basi ya saa tisa kurudi nyumbani, na hujui ulikosea wapi.

Kwa nini kwateti ya kwanza kuimba haipewi alama?

Hiyo haishindani. Huimba ili mafundi wa sauti warekebishe vipaza sauti na majaji wayazoeshe masikio yao. Bila hivyo, aliyepata zamu ya kwanza kwenye kura angeumia.

Kuna wimbo wa lazima na wimbo wa hiari kama kwetu?

Hakuna wimbo wa lazima. Kwenye Kenya Music Festival, au mashindano ya kwaya za makanisa Tanzania, tumezoea kwamba wote wanaimba wimbo mmoja na hapo ndipo mchele unatengana na pumba. Babashopu humwachia kila mmoja achague. Kuchagua wimbo usiokufaa ni kosa linalohesabika, na kwa maoni yangu ndilo kosa linalowaangusha wengi kuliko kuteleza noti.

Tunaweza kuimba nyimbo za injili?

Nje ya mashindano, imba utakavyo. Wengi huimba nyimbo za dini kwenye matamasha, na Jumapili ya mkutano kuna watu huimba ibadani. Kwenye mashindano, kanuni kwa miongo mingi zimetaka wimbo usiwe umekusudiwa hasa kwa dini wala kwa uzalendo. Sababu inayotolewa ni kwamba jaji asijikute anapima imani ya mtu au bendera yake. Mwanakwaya wa kwetu huona jambo hili gumu, maana hazina yetu yote ya sauti nne tuliipata kanisani. Soma kanuni za mwaka unaoshiriki kabla hujaanza kufundisha wimbo.

Ala, ngoma au kayamba vinaruhusiwa?

Hapana. Kitu pekee kinachoruhusiwa ni kifilimbi cha mviringo cha kutolea sauti kabla ya kuanza.

Mshindi hupata nini?

Medali. Wa kwanza dhahabu, wa pili fedha, na wa tatu, wa nne na wa tano wote shaba. Kushika nafasi yoyote kati ya tano za juu ni heshima inayoambatana na jina lako maisha yote.

Kwateti ikishakuwa bingwa haishindani tena, inabaki kuitwa bingwa wa mwaka wake daima. Kwaya bingwa hupumzika miaka miwili, kisha inaweza kurudi. Ndiyo maana The Vocal Majority ya Dallas iliweza kukusanya dhahabu 13 kati ya 1975 na 2018.

Mtu asiye Mmarekani amewahi kushinda?

Ndiyo. Ringmasters kutoka Sweden walichukua ubingwa wa kwateti mwaka 2012 mjini Portland, wa kwanza kutoka nje ya Amerika Kaskazini. Miaka miwili baadaye, Las Vegas, wakaja Musical Island Boys kutoka New Zealand, vijana wenye asili ya visiwa vya Pasifiki. Kwa upande wa kwaya, Toronto Northern Lights ya Kanada ilishinda 2013.

## Nje ya ukumbi

Nisiposhindana, nitafanya nini siku zote hizo?

Utaimba kuliko wanaoshindana. Mashindano ni sababu ya kukutana, lakini mkutano wenyewe unafanyika kwenye korido za hoteli, kwenye lifti, na kwenye ngazi za dharura ambako mwangwi ni mzuri. Saa nane usiku utakuta duara la watu wasiojuana wakiimba, na bingwa wa mwaka fulani amesimama kando ya kijana wa miaka 16 akimwimbia besi.

Zaidi ya hayo kuna madarasa, maonyesho ya mabingwa wa zamani, na siku ambayo maelfu hujaa barabarani na kuimba pamoja.

"Mikia" ni nini?

Ni vipande vifupi vya kumalizia wimbo, vile vya mwisho vyenye mipatano mitamu kuliko yote, vinavyoimbwa peke yake bila wimbo uliotangulia. Anayekijua kipande humfundisha kila mmoja sauti yake kwa mdomo, mstari kwa mstari, na baada ya dakika tano watu wanne ambao hawakujuana wana mpatano unaolia. Mara nyingi sauti moja hushikilia noti moja ndefu huku nyingine tatu zikibadilika chini yake.

Kuna adabu zake. Watu wanne ni wanne: ukikuta duara limetimia, usijiongeze kama sauti ya tano. Subiri wamalize, kisha omba zamu, na mtu atakupisha kwa furaha.

Kuimba bila nota, kwa kubuni, bado kupo?

Kupo, na kuna watu wanaokilinda kama mali ya urithi. Kiongozi huanzisha wimbo unaojulikana, wengine watatu hutafuta sauti zao hapo hapo. Mwimbaji aliyekulia kwenye kwaya ya kijijini, ambako wimbo ulifika bila karatasi na kila mtu "akaweka sauti", ana ujuzi huu tayari. Hapa ndipo nilipoona wenzangu wakigeuka kunitazama, kwa sababu noti nilizokuwa nazipata kwa kawaida tu, wao walikuwa wamezisomea warsha.

Nikiwa mgeni kabisa, nitaanzaje mazungumzo?

Sema sauti unayoimba. Hiyo ndiyo salamu. Ukisema "besi" utapata marafiki watatu kabla hujafungua begi. Ni vizuri pia kujifunza mapema zile nyimbo 12 ambazo chama kimezichagua ili kila mwanachama popote alipo aweze kuimba na mwingine.

## Historia isiyopendeza

Ni kweli muziki huu ulianzishwa na watu weusi?

Ushahidi ni mkubwa. Mtafiti Lynn Abbott alichapisha mwaka 1992 uchunguzi uliokusanya magazeti na kumbukumbu za waimbaji weusi wa mwisho wa karne ya 19, walioimba hivi mitaani, kwenye vinyozi na kwenye hafla za nyumbani. Louis Armstrong aliimba katika kwateti ya mitaani New Orleans alipokuwa mtoto. Picha iliyoenea ya wazungu wanne wenye kofia za majani na makoti ya mistari ilikuja baadaye, ikaufunika ukweli huo.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Unapoingia kwenye mkutano ambao waliohudhuria wengi ni weupe na unahisi umekuja kama mgeni, kumbuka kwamba mpatano ule ulizaliwa na watu wanaofanana nawe.

Chama kiliwahi kuwabagua?

Kiliwabagua, na hakuna haja ya kuzungusha maneno. Mwaka 1941 kwateti ya wapagazi weusi wa stesheni kuu ya treni ya New York, Grand Central Red Caps, ilishinda mashindano ya mji huo. Ilistahili kwenda kwenye fainali za taifa St. Louis, lakini ikazuiwa kwa sababu ya rangi. Al Smith, aliyewahi kuwa gavana wa New York, na Robert Moses, kamishna wa bustani za mji huo, walijitoa katika chama kwa kupinga. Ubaguzi huo uliendelea hadi 1963.

Leo chama kinalisema jambo hili waziwazi, na mwaka 2017 kilitangaza dira mpya ya kumkaribisha kila mtu. Kulisema ni hatua. Red Caps hawakuimba St. Louis, na hilo halirudishiki.

Na wanawake?

Walijenga vyama vyao. Sweet Adelines kilianzia Tulsa hiyohiyo mwaka 1945. Kilipoamua kuwafungia milango wanawake wasio weupe, baadhi ya matawi yalijitoa, na 1959 kikazaliwa Harmony, Incorporated. Naiheshimu sana hatua ile ya wanawake walioacha jina kubwa ili wasimwache dada yao nje. Sweet Adelines kilifuta sharti hilo katika miaka ya 1960, na vyama vyote viwili vipo hadi leo, kila kimoja na mkutano na mashindano yake.

Barbershop Harmony Society kilifungua uanachama kamili kwa wanawake mwaka 2018. Matawi yana uhuru wa kuwa ya wanaume, ya wanawake au ya mchanganyiko, kwa hiyo uliza tawi lako kabla ya kwenda.

## Maswali ya pembeni

Baba yangu ana miaka 70. Kuna nafasi yake?

Ana mashindano yake, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye mkutano wa Januari. Kila mwimbaji awe na angalau miaka 55, na jumla ya umri wa wanne ifike angalau 240. Usiwadharau: nimesikia wazee waliosimama kwa fimbo wakaupasua ukumbi. Vijana wa miaka 25 kurudi chini nao wana mashindano yao.

Je, Afrika Mashariki tunaweza kushiriki?

Afrika Kusini wamewahi kuwa na chama cha babashopu, SPATS, kilichoshirikiana na chama cha Marekani. Kwetu hakuna chama cha aina hiyo, na kwa hiyo hakuna mlango wa moja kwa moja wa kuingia fainali. Njia zilizopo ni kujiunga na tawi ukiwa unaishi ng'ambo, au kuandika kwa ofisi ya Nashville na kueleza kundi lenu. Kwateti za wanaume za Waadventista, zilizozoea kuimba bila ala, ziko karibu na mtindo huu kuliko zinavyojua.

Wimbo wa Kiswahili unaweza kupangwa kwa babashopu?

Baadhi. Babashopu hupenda wimbo ambao mipatano yake inasafiri, mmoja ukimsukuma mwingine mpaka urudi nyumbani kwenye do. Nyimbo zetu nyingi za dansi hukaa kwenye mipatano mitatu inayozunguka, na uzuri wake uko kwenye mapigo na magitaa. Ukizivua hivyo unabaki na kidogo. Taarabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa baadhi ya noti zake zinakaa katikati ya zile zetu na hazitaki mpatano chini yake. Nyimbo za taratibu za mapenzi na bembelezi za watoto ndizo zinazokubali. Irabu za Kiswahili ni zawadi: tano tu, safi, na karibu kila neno linaishia na irabu, jambo ambalo waimbaji wa Kiingereza hulihangaikia wiki nzima.

Kumbuka haki za mtunzi. Wimbo wenye mwenyewe unahitaji ruhusa kabla ya kupangwa, na kila mwimbaji anatakiwa kuwa na nakala halali.

Nikialikwa kutoka Nairobi au Dar es Salaam, viza gani?

Kanuni za Marekani zinamruhusu mwimbaji wa ridhaa asiyelipwa kushiriki mashindano ya muziki kwa viza ya kawaida ya mgeni. Ukilipwa kwa kuimba, hata tamasha moja dogo la pembeni, mambo yanabadilika. Beba barua ya mwaliko, na omba miadi ya ubalozi mapema sana, kwa sababu foleni inaweza kumeza miezi.

Mmoja wetu akipoteza sauti asubuhi ya mashindano?

Kwateti ni watu wanne, na watatu hawapandi jukwaani. Wengi hujitoa, wakalia, wakanunua tiketi ya kukaa ukumbini. Usiku utawakuta koridoni: yule asiye na sauti amesimama na wenzake katikati ya duara, mdomo umefungwa, na mgeni kutoka wilaya nyingine anamshikia noti yake.